Moyo wa Kazi na Yule Anayeipanga Kazi
Mhadhara kwa watumishi wa umma, Madogo, Kaunti ya Tana River

 

Mada niliyopewa ni saikolojia chanya, na namna inavyoweza kumwongezea mfanyakazi furaha na moyo wa kazi. Nitasema mapema ninachoamini, ili mnisikilize mkijua ninakoelekea. Elimu hii ina mengi ya kutufaa, lakini mara nyingi tumeletewa kichwa chini miguu juu. Mfanyakazi anaitwa ukumbini, anafundishwa kushukuru, kupumua taratibu na kutazama mambo kwa jicho jema, halafu anarudishwa kwenye kazi ile ile, chini ya mkubwa yule yule, mshahara ukichelewa vile vile. Mimi nataka tuanzie kwa anayeipanga kazi. Mtu hupata moyo anapoona kwa macho yake kwamba alichokifanya kimebadilisha kitu. Kumwezesha kuona hilo ni jukumu la msimamizi, na ni jukumu ambalo wengi wetu hatujawahi hata kulihesabu kuwa sehemu ya kazi.

Sitoi maneno haya hewani. Yamo ndani ya elimu yenyewe, tena katika chimbuko lake. Mwaka 1967 huko Marekani, watafiti wawili vijana, Martin Seligman na Steven Maier, walichapisha jaribio walilofanya kwa mbwa. Kundi la kwanza la mbwa lilipigwa na shoti za umeme ambazo mbwa angeweza kuzizima kwa kusukuma kibao kwa kichwa. Kundi la pili lilipata shoti zile zile kwa muda ule ule, ila lolote walilofanya halikuwasaidia. Baadaye wote walitiwa katika sanduku ambamo kuruka kizuizi kifupi tu kulitosha kuukwepa umeme. Wa kundi la kwanza waliruka. Wengi wa kundi la pili walilala chini wakalia, wakavumilia mpaka umeme uishe. Lilikuwa jaribio la kikatili, na sioni raha kulisimulia. Lakini Seligman alijengea jina lake hapo. Alisema wanyama wale walikuwa wamejifunza kukata tamaa, na akaamini binadamu naye hujifunza hivyo hivyo.

Mwaka 1998 Seligman akawa rais wa chama cha wanasaikolojia wa Marekani. Aliutumia wadhifa huo kuwaambia wenzake kwamba wametumia miaka mingi kuchunguza maradhi ya akili, na wameacha kuchunguza kinachofanya maisha yawe na ladha: ujasiri, matumaini, upendo, kazi inayompendeza mtu. Miaka miwili baadaye, yeye na mwanasaikolojia mwenzake Mihaly Csikszentmihalyi waliandika makala iliyotambulisha saikolojia chanya kwa ulimwengu wa wataalamu. Mengi yanayosemwa leo katika semina za furaha kazini yametoka huko.

Sehemu ya hadithi ambayo haifiki kwenye semina ni ya mwaka 2016. Karibu miaka 50 baada ya jaribio lile, Maier na Seligman walirudi kulitazama upya, safari hii wakiwa na matokeo ya uchunguzi wa ubongo ambao Maier alikuwa ameufanya kwa miaka mingi. Wakaandika kwamba walikuwa wameelewa kinyume. Kulala chini na kuvumilia hakufundishwi na mtu. Ndivyo kiumbe anavyofanya kwa asili yake mateso yanapozidi muda. Kinachojifunzwa ni kule kuruka: kiumbe anajifunza kwamba akitenda, jambo linabadilika, na akishajifunza hivyo ubongo wake unaipoza ile hali ya kulala chini.

Naomba mlishike hilo, maana mengine yote nitakayosema yanategemea hapo. Tukimkuta mtumishi aliyelala moyo, tumezoea kusema ni mvivu, au hapendi watu wa huku, au anahesabu siku za uhamisho. Huenda ni kweli kwa mmoja wawili. Lakini swali la kwanza liwe hili: ni lini mara ya mwisho mtu huyu alitenda jambo akaona limebadilika?

Chukueni muuguzi wa zahanati mojawapo ya pande hizi, aliye peke yake. Asubuhi anafungua friji ya chanjo, anasoma kipimajoto, anaandika nyuzi kwenye chati iliyobandikwa mlangoni. Lazima zisishuke chini ya 2 wala zisipite 8. Jioni atasoma tena, Jumapili atasoma, sikukuu atasoma. Kina mama wanaanza kufika. Mtoto anapimwa uzito, anadungwa sindano ya wiki ya kumi na nne, kijitabu cha mama na mtoto kinajazwa, kisha jina lile lile linatafutwa kwenye daftari kubwa la chanjo na kuwekewa tarehe kwenye safu yake. Mwisho wa mwezi anajumlisha safu kwa safu, usiku, kwa tochi ya simu kama umeme umekatika. Anajaza fomu, anaituma ngazi ya juu.

Halafu kimya. Akichelewesha fomu hiyo siku moja, simu italia. Akiiwahisha, hakuna anayepiga. Hajui kama watoto wake wameongezeka au wamepungua ukilinganisha na mwaka jana. Hajui ile hesabu yake ilimsaidia nani kuamua nini. Siku moja gari linasimama nje. Wageni wanashuka na orodha ya ukaguzi, wanahesabu makopo, wanauliza kwa nini bango fulani halijabandikwa, wanatia sahihi kitabu cha wageni na kuondoka kabla jua halijawa kali. Nawauliza wakuu wa idara kwa heshima yote: katika mwezi mzima wa mtu huyu, ni wapi tulipomfundisha kwamba akitenda, jambo linabadilika?

Watafiti Teresa Amabile na Steven Kramer waliwaomba wafanyakazi 238 wa kampuni 7 huko Marekani waandike kila jioni siku yao ya kazi ilivyokwenda. Walikusanya karibu maandiko 12,000 ya shajara za kila siku, na kitabu chao kikatoka mwaka 2011. Walipotafuta ni nini kilichozitofautisha siku njema na siku mbaya, jambo moja liliyashinda mengine yote: mtu kupiga hatua, hata ndogo, katika kazi anayoiona ina maana. Kisha wakawauliza mameneja 669 wapange mambo matano yanayompa mfanyakazi ari. Mameneja wale waliweka kupiga hatua mwisho kabisa. Kwa hiyo wakubwa hawawanyimi watu moyo kwa makusudi. Hawajui tu unapatikana wapi, na asiyejua anaweza kuambiwa.

Sasa nije kwenye mshahara, kwa sababu naona nyuso, na najua mtu akisikia mhadhara wa furaha anashuku kwamba ameletewa maneno badala ya pesa.

Mwaka 1959 Frederick Herzberg na wenzake walichapisha utafiti wao juu ya wahandisi na wahasibu wapatao 200 wa Pittsburgh. Waliona kwamba mambo yanayomuudhi mtu kazini na mambo yanayompa raha hayako kwenye mstari mmoja. Ujira mbaya, mazingira mabaya na usimamizi mbaya humuudhi. Ukivirekebisha, maudhi yanaondoka, lakini ari haiji yenyewe. Ari inaletwa na mafanikio, kutambuliwa, kazi yenyewe, kupewa jukumu. Wengi wameichukua habari hii kuwa ruhusa ya kusema pesa si kitu. Mimi naisoma kwa mpangilio wake: ondoa kwanza linaloumiza, ndipo uzungumze na mtu habari za moyo. Kifungu cha 41 cha Katiba yetu ya 2010 kinampa kila mfanyakazi haki ya ujira wa haki na mazingira ya kazi yanayofaa. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa likizo isiyopungua siku 21 za kazi kwa mwaka, kwa malipo kamili. Haya ni madeni. Hayapaswi kuwekwa kwenye ratiba ya semina ya furaha kana kwamba ni zawadi.

Mwaka huo huo wa 1959, kwenye mto huu huu wa Tana, barabara ya kusini kutoka hapa ikikupitisha Bura, yalitokea mauaji ya Hola. Mahabusu wa vita vya Mau Mau walikuwa wamewekwa kambini huko, nao walikataa kulazimishwa kufanya kazi. Wakuu wa serikali ya kikoloni walishikilia kwamba kazi ndiyo itakayowatengeneza na kuwarudisha kuwa watu wema. Tarehe 3 Machi walitolewa kwenda kuchimba mfereji wa maji ya shamba, chini ya mpango ulioruhusu nguvu kutumika. Walipigwa, na 11 kati yao wakafa. Taarifa ya kwanza ya serikali ilisema wamekufa baada ya kunywa maji. Uchunguzi ukaonyesha ni kipigo, na habari hiyo ikalitikisa hata Bunge la Uingereza mwezi wa Julai.

Simlinganishi mkuu wa idara yeyote na wale. Nataja Hola kwa sababu kwenye mto huu watu waliwahi kuambiwa kwamba wataponywa kwa amri ya mtu mwingine, na ni lazima tuwe waangalifu sana tunapokuja na mpango wa kumfanya mtu awe na furaha. Furaha iliyoamriwa ina harufu mbaya. Mfanyakazi anayelazimishwa kusema jambo jema mbele ya mkutano, wakati kila mtu ukumbini anajua mishahara ya kaunti haijalipwa kwa kuwa mgao wa kutoka Nairobi umechelewa, anajifunza jambo moja tu, nalo ni kuficha.

Ushahidi wa hivi karibuni unakwenda upande huo. Mwaka 2024 mtafiti William Fleming alichapisha uchunguzi juu ya wafanyakazi 46,336 wa taasisi 233 nchini Uingereza. Aliwalinganisha walioshiriki programu za ustawi, yaani mafunzo ya ustahimilivu, mazoezi ya utulivu, programu za simu za kulala vizuri, na wenzao ambao hawakushiriki. Walioshiriki hawakuonekana kuwa na hali nzuri zaidi. Jambo moja tu lilionyesha dalili ya kufaa: kupewa nafasi ya kujitolea kusaidia wengine. Mtaona kwamba hata hapo tunarudi pale pale, kwa mtu kuona mkono wake umefika mahali.

Hata hivyo, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mazoezi haya yana nguvu yakitolewa na watu wanaoaminika, kwa haja inayojulikana. Mfano uko hapa nyumbani. Kikundi cha Shamiri, kilichoanzishwa na Mkenya Tom Osborn, kilichukua vijana wahitimu wa sekondari wasio na shahada ya saikolojia, kikawafundisha kuongoza vikundi vya wanafunzi kwa vipindi vinne. Walizungumzia mambo matatu: kwamba uwezo wa mtu unakua, kushukuru, na kuyashika yale mtu anayoyathamini. Jaribio lililochapishwa mwaka 2021 lilihusu wanafunzi 413 wenye dalili za sonona na wasiwasi katika shule 4 za sekondari. Dalili zilipungua zaidi kwa waliopata vipindi hivyo kuliko kwa wenzao waliofundishwa mbinu za kusoma. Walioongoza walikuwa kama kaka na dada wa wale wanafunzi. Hakuna kati yao aliyewatahini, wala hakuna aliyekuwa na madaraka ya kuwahamisha. Ninyi walimu mtalielewa hili upesi kuliko mimi.

Nigeukie wahudumu wa afya ya jamii, kwa kuwa nawaona wamejaa safu za nyuma, na kwa kuwa ndio wanaonigusa zaidi. Mnamo Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu 100,000 nchi nzima, na mikoba yenye vifaa, na posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Mama anatoka kwake alfajiri, anakwenda boma hadi boma, anapima presha ya mzee, anauliza kama mtoto wa pili amerudishwa kliniki, anaandika kwenye simu. Hizo 5,000 hazitoshi, na zikichelewa ni dhuluma. Hilo nimekwisha kulisema, ni deni. Lakini hata posho inapofika kwa wakati, kuna jambo la pili ambalo halimgharimu mtu hata shilingi, nalo halifanyiki.

Mwaka 2007 mtafiti Adam Grant alichapisha jaribio lililofanyika katika chuo kikuu kimoja cha Marekani. Wafanyakazi wa pale kazi yao ilikuwa kupiga simu kuomba michango ya kuwalipia wanafunzi karo, kazi ya kukataliwa kutwa nzima. Baadhi yao waliletewa mwanafunzi mmoja aliyesomeshwa kwa michango hiyo, wakaongea naye kwa dakika chache tu. Mwezi mmoja baadaye muda waliokaa kwenye simu ulikuwa umeongezeka kwa asilimia 142, na pesa walizokusanya kwa asilimia 171. Hawakuongezwa mshahara wala hawakupewa hotuba. Walimwona mtu aliyefaidika.

Basi mhudumu aliyemfuata mama wa boma la mbali mara mbili mpaka akamleta mtoto wake aliyepitwa na tarehe ya kuchanjwa surua, anajua kwamba mtoto alifika? Muuguzi anajua, kwa sababu ameandika daftarini. Mhudumu yuko njiani, hajui. Dakika moja ya simu, au jina lake kutajwa kikao cha mwezi mbele ya wenzake pamoja na jina la boma, ingemfikishia. Nimeona daktari akitajwa gazetini kwa mgonjwa aliyepona. Sijawahi kuona mhudumu wa kijiji akitajwa kwa mtoto ambaye hakuugua, na wale ambao hawakuugua ndio wengi.

Mtafiti mwingine, William Kahn, mwaka 1990 aliandika kwamba mtu huleta nafsi yake yote kazini akijibiwa mambo matatu: kazi hii ina maana? Ni salama mimi kuwa mimi hapa? Na je, ninazo nguvu za kuwepo? La kwanza nimelisema. Mawili yaliyobaki, huku kwetu yana uzito ambao Kahn hakuuwaza, kwa sababu yeye aliwatazama washauri wa kambi ya likizo na wasanifu wa majengo.

Usalama kwetu una sura mbili. Ipo ya kusema ukweli bila kuadhibiwa: anayesema dawa zimekwisha asionekane mchochezi. Na ipo ya roho yenyewe. Ng'ambo ya daraja la mto huu, tarehe 2 Aprili 2015, watu 148 waliuawa na magaidi katika Chuo Kikuu cha Garissa. Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, upande huo huo wa Garissa, na Tume ya Huduma kwa Walimu ikawahamisha mamia ya walimu wasio wenyeji. Watoto wakabaki na madarasa yasiyo na mwalimu. Mtu asimwambie mwalimu aliyebaki, au aliyekuja baadaye, kwamba tatizo lake ni mtazamo. Kwanza aelezwe wazi nani anamlinda, apewe nyumba ndani ya ua, na akisema anaogopa asikilizwe.

Nguvu za kuwepo nazo mnazijua kuliko wasomi. Mafuriko ya 2024 yalipokata barabara kati ya hapa na Garissa, kwenda kazini kukawa kupanda boti. Mwishoni mwa Aprili boti moja ilipinduka. Watu 23 waliokolewa na wengine wakapoteza maisha. Nauliza kama kuna idara hata moja iliyokaa baada ya hapo na kupanga: barabara ikikatika tena, nani afanye kazi upande gani, nani apewe malazi, nani asivuke kabisa. Mpango wa karatasi moja kama huo, uliokubaliwa kabla ya mvua, una saikolojia chanya zaidi ndani yake kuliko siku mbili za semina hotelini.

Nimalizie kwa jambo ambalo linaweza kuanza robo mwaka ijayo. Kiangazi mifugo inashuka mtoni kupitia malka, yaani njia za mifugo za kufikia maji, na maboma yanahama nayo. Mvua ikinyesha yanarudi juu. Muuguzi wa zahanati na wahudumu wake wanajua boma fulani litakuwa wapi wiki ijayo, kwa sababu wameongea na wazee na wamekutana na kina mama sokoni. Lakini tarehe ya kliniki ya kuhamahama huwekwa mbali, kwenye kalenda iliyopigwa chapa miezi mitatu kabla. Gari linafika, boma limeshahama siku nne zilizopita. Chanjo zinarudi na barafu yake. Kwenye ripoti kunaandikwa kwamba jamii haikujitokeza, na muuguzi anaisoma sentensi hiyo akijua ukweli.

Ombi langu kwa wakuu wa idara ni kwamba robo mwaka ijayo zahanati tatu au nne zipewe mamlaka ya kuchagua siku zao wenyewe, mafuta ya gari yakiwa yametengwa kabla, na simu moja ya muuguzi itoshe kulitoa gari. Msimamizi akienda kuzuru, aende na hesabu za mwezi uliopita mkononi, azisome mbele ya waliozifanyia kazi, kisha aulize ni kitu gani kimoja kiliwazuia, na akirudi mwezi unaofuata kiwe kimeondolewa. Wauguzi wenyewe wako humu ukumbini. Kabla hatujatoka, waulizeni wangeanza na boma gani.